Mzeituni Ulipokataa Ufalme

Filamu ya Conclave ilianza kuonyeshwa mwaka 2024. Ni hadithi ya kubuni, imetoka kwenye riwaya ya Robert Harris, na inahusu makardinali waliofungiwa Vatikani wamchague papa. Haikupita miezi mingi, Papa Fransisko akafariki tarehe 21 Aprili 2025, na watu ambao hawakuwa na habari na filamu hiyo wakaanza kuitafuta. Tabora walikuwa na sababu ya ziada: kati ya wapiga kura 133 walioingia Kanisa la Sistina tarehe 7 Mei, mmoja alikuwa Kardinali Protase Rugambwa, askofu mkuu wao. Na ndani ya filamu yenyewe, Kardinali Adeyemi wa Nigeria anaigizwa na Lucian Msamati, mtoto wa wazazi Watanzania.

Wanaobishana hapa ni watatu. Mwalimu alifundisha fasihi mpaka akastaafu, na misa ya asubuhi haimpiti. Maalim ni jirani yake, ana madrasa yake ng'ambo ya barabara. Wa tatu ni mpwa wa Mwalimu, binti mwanasheria, anayetaka kugombea udiwani, jambo ambalo mjomba wake hataki kulisikia. Mimi nilikuwa msikilizaji, ila sikuahidi kunyamaza. Ambaye hajaiona filamu na hapendi kuambiwa mwisho wake, aishie hapa.

MWALIMU: Umeona mwenyewe. Kila anayekitaka kiti kile anaanguka. Adeyemi chali, Tremblay wa Kanada chali, Tedesco anajimaliza kwa mdomo wake. Anayekipata ni Benitez, askofu mkuu wa Kabul, ambaye jina lake halikuwemo hata kwenye orodha.

MPWA: Mjomba, Benitez naye alihutubia. Baada ya bomu kulipuka nje, Tedesco alipoanza kupiga kelele za vita, nani alisimama? Akawaambia amehudumu Kongo, Baghdad na Kabul, vita ameviona kwa macho, wao je? Baada ya hapo kura zikamfuata. Mtaani kwetu hiyo inaitwa kampeni. Ya dakika chache, lakini kampeni.

MWALIMU: Hakuomba kura.

MPWA: Alijieleza yeye ni nani na ameona nini, mbele ya wapiga kura, kabla ya kura. Mimi nikifanya hivyo kwenye kata unaniambia nina tamaa.

MAALIM: Pole pole. Kwanza tukubaliane tunabishania nini. Mwalimu anasema anayetaka cheo hafai. Sisi tuna mafundisho yanayofanana na hayo, tena mazito. Abdurrahman bin Samura aliambiwa na Mtume asiombe uongozi, kwani akipewa kwa kuuomba ataachiwa mwenyewe, na akipewa bila kuuomba atasaidiwa. Abu Dhari alipoutaka, aliambiwa yeye ni dhaifu na jambo lile ni amana. Hadithi hizo zimo katika vitabu vinavyotegemewa.

MWALIMU: Basi, Maalim ameshanimalizia.

MAALIM: Sijamaliza. Nabii Yusufu, alipotolewa gerezani, alimwambia mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Aliomba mwenyewe. Akataja na sifa zake: kwamba ni mlinzi, na anajua. Ni aya ya 55 katika sura yake. Wanazuoni wamelihangaikia hilo tangu zamani, na wengi wakasema: akiwepo mtu anayeijua kazi, na akiiacha itaharibika, kuomba kwake si tamaa. Miaka saba ya njaa ilikuwa njiani. Yusufu angekaa kimya kwa unyenyekevu, Misri ingekula nini?

Mwalimu alinyamaza kidogo hapo, na mimi nikadhani mjadala umekwisha mapema. Kumbe alikuwa anatafuta njia ya kupitia Ugiriki.

MWALIMU: Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anamfanya Sokrati aseme kwamba watu wema hawatawali kwa kupenda fedha wala heshima. Wanasukumwa na adhabu, na adhabu yenyewe ni kutawaliwa na mtu mbaya kuliko wao. Mwema anaingia madarakani kama anayepelekwa kituoni. Mbele huko, kitabu cha saba, mwanafalsafa aliyeliona jua inabidi alazimishwe kurudi pangoni. Alazimishwe! Hakuchukua fomu.

MPWA: Na Plato mwenyewe alikwenda Sirakusa mara tatu kutafuta mtawala wa kumfundisha. Nani alimlazimisha?

MWALIMU: Aliitwa.

MPWA: Kila mtu anaitwa, Mjomba. Hebu nionyeshe mgombea mmoja wa nchi hii ambaye hakuitwa. Wazee wamemwomba. Vijana wa bodaboda wamemchangia hela ya fomu. Akina mama wa sokoni wamemfuata nyumbani usiku wakilia. Mwenyewe hakuwa na mpango kabisa, alikuwa analima. Mwaka 2015 zaidi ya makada 40 wa CCM walichukua fomu za kutaka kuteuliwa kugombea urais. Ungewasikiliza wengi wao ungedhani nchi nzima ilikuwa ikizunguka usiku na tochi, ikiwatafuta watu wasiotaka cheo.

MWALIMU: Na waliochukua kwa mbwembwe wote wakakatwa. Aliyeteuliwa ni Magufuli, aliyechukua fomu kimya kimya.

MPWA: Sawa. Kimya kile kilikueleza atatawalaje?

Hili lilizua maneno ambayo sitayaandika yote. Kila mtu Tanzania ana hesabu yake ya miaka ile, na ya Mwalimu na ya mpwa wake hazilingani. Lakini swali ni zuri na halikujibiwa: ukimya wa mgombea unatuficha yale hasa tunayohitaji kuyajua.

MWALIMU: Mwalimu Nyerere mwaka 1995 aliwaonya wanaokimbilia Ikulu. Aliuliza kuna biashara gani kule. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

MPWA: Nimeisikiliza hotuba hiyo mara nyingi kuliko wewe, imo kwenye simu yangu. Alikuwa anawasema wanaonunua kura, wanaotumia fedha ambazo baadaye lazima zirudi. Hakusema watu wasigombee. Yeye mwenyewe aligombea. Na hapa hapa Tabora, Januari 1958, alifanya nini?

MWALIMU: Uamuzi wa Busara.

MPWA: Eleza basi, wewe ndiye mwalimu.

MWALIMU: Serikali ya kikoloni ilileta uchaguzi wa kura tatu. Mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Mkutano wa TANU ulikuwa umejaa watu waliotaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere akawageuza: tuingie, tushinde humo humo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka akaunda chama chake. TANU wakaingia, wakashinda.

MPWA: Huo mfumo ulikuwa mchafu kuliko uchaguzi wa udiwani wa kata yoyote. Mtu safi angeukataa. Hapa mjini, alikosoma na kufundisha, Nyerere aliwaambia watu safi waingie kwenye tope. Ndiyo maana sielewi unaponiambia nikae pembeni nibaki mtu mzuri.

MWALIMU: Huyo huyo aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru. Akamwachia Kawawa, akarudi kwa wananchi. Nani mwingine alifanya hivyo?

MPWA: Na Desemba ya mwaka huo huo akarudi akiwa Rais, mwenye madaraka makubwa kuliko ya waziri mkuu.

MWALIMU: Mwaka 1985 je?

MPWA: Aliacha urais, nampa heshima yake yote. Uenyekiti wa chama akabaki nao mpaka 1990. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba kujitoa nako ni siasa. Kuna kujitoa kunakompa mtu nguvu kuliko kubaki.

MAALIM: Hapo una ushahidi ambao hukuutaja. Sayyidna Umar alipochomwa kisu, mwaka wa 23 wa Hijra, aliacha shauri kwa watu sita. Mwanawe Abdullahi akaruhusiwa kutoa ushauri tu, ukhalifa hapana. Katika wale sita, Abdurrahman bin Auf alisema: mimi najitoa, ila mniachie kazi ya kuchagua kati ya waliobaki. Wakakubali. Akazunguka Madina siku tatu akiuliza watu, kisha akamtangaza Uthmani. Mimi namwona ni mtu mwadilifu. Lakini ni kweli kwamba aliyejitoa ndiye aliyeshika mpini.

Naomba niingie hapa, maana Mwalimu aliwahi kuwafundisha wanafunzi wake Juliasi Kaizari, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1963 aliyoirekebisha mwaka 1969. Mwanzoni kabisa mwa tamthilia hiyo, Kaska anasimulia jinsi Kaizari alivyotolewa taji mbele ya umati akalikataa, akatolewa tena akalikataa, na mara ya tatu vilevile; na Kaska, ambaye hana adabu lakini ana macho, anaona kwamba vidole vilikuwa vinachelewa kulitoka. Umati ulishangilia kila alipokataa. Baadaye, kwenye maziko, Antoni anakutumia kule kukataa mara tatu kama ushahidi kwamba marehemu hakuwa na tamaa. Tukio lile lile moja, shahidi mmoja anaona njaa na mwingine anaona unyenyekevu, na wananchi wa Roma wanamfuata aliyesema mwisho. Nyerere aliyaweka hayo kwa Kiswahili akiwa madarakani. Sidhani alidanganyika na taji la kukataliwa.

MWALIMU: Kaizari alikuwa anaigiza. Mimi nasema yule anayekataa kweli. Kuna Selestini wa Tano.

MPWA: Nilikuwa namngoja.

MWALIMU: Mwaka 1294. Kiti cha papa kilikuwa wazi zaidi ya miaka miwili, makardinali wanavutana. Mwishowe wakamchagua mzee mkaapweke wa milimani, Pietro da Morrone. Hakutaka. Wakamvisha. Baada ya miezi kama mitano akajiuzulu, akataka arudi pangoni kwake kusali. Mtakatifu yule! Mwaka 2009 Papa Benedikto alikwenda kwenye kaburi lake L'Aquila akaliwekea palio yake juu, na Februari 2013, alipotangaza kujiuzulu, tukaelewa alikuwa anasema nini.

MPWA: Malizia hadithi. Miezi mitano hiyo alitawala nani?

MWALIMU: Mfalme Charles wa Pili wa Napoli alikuwa na sauti kubwa, sibishi.

MPWA: Papa aliishi Napoli, Mjomba, chini ya pua ya mfalme. Mtu mwema asiyejua kazi wala hakuitaka, amezungukwa na wanaoijua na wanaoitaka. Na alipoacha, aliyemfuata, Bonifasi wa Nane, akamfungia ngome ya Fumone mpaka akafa mwaka 1296. Huo ndio usalama wa asiyetaka cheo: anatumiwa akiwa ndani, anafungwa akiwa nje.

MAALIM: Makali hayo.

MPWA: Ni makali kwa sababu filamu inatubembeleza. Lawrence, yule mkuu wa makardinali, anahubiri kwamba dhambi anayoiogopa kuliko zote ni ya mtu mwenye uhakika. Hotuba nzuri, nimeipenda. Halafu anajificha na tamaa yake hadi raundi ile anayojipigia kura mwenyewe. Anaweka karatasi kwenye chombo, hapo hapo bomu linalipuka nje, madirisha yanamwangukia.

MWALIMU: Mkono wa Mungu.

MPWA: Mkono wa mwongozaji, Edward Berger. Anatuambia kutaka ni dhambi inayolipukiwa. Mimi ningependa filamu ambamo Lawrence anasimama mapema, anasema, ndugu zangu, nadhani naiweza kazi hii, niulizeni maswali. Asingeona kura moja, nadhani. Lakini tazama kilichotokea kwa kuwa hilo haliruhusiwi. Hakuna mgombea, hakuna fomu, hakuna jukwaa. Matokeo yake Tremblay anawagawia makardinali fedha gizani na kumleta Roma sista mmoja wa Nigeria ili Adeyemi aaibike. Tamaa haikuondoka, ilihamia kwenye korido. Na aliyesema ukweli hadharani alikuwa Sista Agnes, ambaye hana kura. Akasema yake, akapiga goti kidogo, akaondoka.

MWALIMU: Hiyo ni filamu. Ya kweli ilichukua siku mbili. Raundi ya nne, theluthi mbili zikapatikana, kura 89 au zaidi, moshi mweupe jioni ya tarehe 8 Mei. Leo wa Kumi na Nne, Mmarekani aliyefanya umisionari Peru. Nani alimsikia akitafuta kura?

MPWA: Kwa sababu hatukuwepo! Walikutana siku kadhaa kabla ya kufungiwa, wakisikilizana hotuba mmoja mmoja. Nasema hivyo bila ubaya. Ni jambo jema kusikilizana. Ila usiniambie waliamka asubuhi kila mmoja na jina kichwani. Na katiba ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1996 inayosimamia jambo hilo, mimi nimeisoma kwa jicho la kazi yangu. Anayenunua kura anatengwa na Kanisa. Lakini uchaguzi wenyewe haubatiliki.

MWALIMU: Ili Kanisa lisikae bila kichwa kwa kesi zisizoisha.

MPWA: Naelewa sababu. Kwetu hapa Mahakama Kuu mwaka 2006 ilivifuta vifungu vya takrima, vilivyokuwa vinaruhusu mgombea "kuwakirimu" wapiga kura. Sisemi takrima imekwisha, unajua na mimi najua. Lakini uchaguzi ulionunuliwa unaweza kupelekwa mahakamani ukafutwa. Na katiba hiyo hiyo ya kipapa ina jambo lingine ambalo lingekusaidia kuniachia: inamwomba aliyechaguliwa asikatae kwa kuogopa uzito wa kazi. Mjomba, Kanisa lako halimsifu anayekataa. Linamsihi asikatae.

Mwalimu alikuwa hajui kifungu hicho, au alijifanya. Alivua miwani akaifuta. Kisha Maalim, ambaye nilidhani yuko upande wa kati, akamgeukia binti.

MAALIM: Sasa na wewe uulizwe. Unazungumza kama vile kutaka ni kitu safi kikiwa hadharani. Wapo wanaotaka hadharani, na jeuri yao iko hadharani. Kusema "nataka" hakumfanyi mtu mkweli.

MPWA: Kweli. Kunamfanya aulizike.

MAALIM: Basi mwambie mjomba wako habari ya miti. Imo kwenye kitabu chake, si changu, lakini yeye mwenyewe aliwahi kunisimulia, na leo ameificha.

MWALIMU: Sikuificha. Waamuzi, sura ya tisa. Miti ilitaka mfalme. Wakauendea mzeituni, ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu ukakataa, una divai yake. Wakauendea mti wa miiba, nao ukasema, njooni mkae chini ya kivuli changu.

MPWA: Nani aliisimulia, na kwa nini?

MWALIMU: Yothamu, juu ya mlima Gerizimu. Ndugu yake Abimeleki alikuwa amewaua ndugu zake 70 ili awe mfalme. Yothamu peke yake alijificha akapona.

MPWA: Na baba yao?

MWALIMU: Gideoni. Aliombwa ufalme na Waisraeli akakataa. Akasema Bwana ndiye atakayewatawala.

MPWA: Aya inayofuata?

MWALIMU: Akaomba hereni za dhahabu za nyara.

MPWA: Shekeli 1,700 za dhahabu! Alikataa taji, hakukataa dhahabu. Na kizazi kilichofuata kikapata mti wa miiba. Mimi nikiisoma sura ile siulaumu mti wa miiba, wenyewe uliulizwa ukajibu. Naulaumu mzeituni. Ulikuwa na mafuta mazuri, ukayapenda.

Hapo nilitaka kupinga, kwa sababu mzeituni nao una hoja. Kuna watu ambao kazi yao yenyewe ndiyo mchango wao, na ukiwatoa hapo unapata kiongozi wa kawaida na unampoteza fundi bora. Hospitali zetu zina madaktari bingwa waliogeuka wakurugenzi, siku zao zinaishia kwenye vikao. Lakini Mwalimu alikuwa ameshatangulia, na hoja yake ilikuwa bora kuliko yangu.

MWALIMU: Nakubali nusu. Kutaka si kosa. Sasa nijibu hili, wakili. Ukishapata, nani atakutoa? Selestini tunamcheka, lakini alijua kutoka. Papa leo anaweza kujiuzulu, na sheria haihitaji mtu yeyote akubali.

MPWA: Maana yake ni kwamba akiwa hataki, hatoki. Mlango wa kutokea upo, ufunguo uko mfukoni mwa aliye ndani.

MWALIMU: Kwa diwani?

MPWA: Miaka mitano, halafu wapiga kura.

MWALIMU: Miaka mitano ni mingi sana kwa mtu anayezungukwa na wanaomsifu. Kura itakuja mwaka wa tano. Mimi naulizia mwaka wa pili, barabara ya kata imepewa mkandarasi ambaye ni rafiki yako, na wewe umeshapata sababu tatu nzuri za kwa nini ni sawa.

MAALIM: Abu Bakari, siku ya kwanza ya ukhalifa wake, aliwaambia watu wamsaidie akienda sawa, na wamnyooshe akipinda. Alisema siku ya kwanza, kabla hajapinda.

MPWA: Basi nawaambia leo. Mtaninyoosha ninyi.

MAALIM: Mimi niko ng'ambo ya barabara, ni kata nyingine. Huko kwako sina kura.

MWALIMU: Na mimi ni mjomba wako. Nitakutetea hata ukiwa na makosa, najijua.

MPWA: Kwa hiyo nitafute mtu asiyenipenda, mwenye akili timamu, anayejua kusoma mahesabu ya halmashauri?

MAALIM: Katika kata ile? Wapo. Anza na yule mnayeshtakiana naye mpaka wa kiwanja.